Ununuzi wa Vifaa vya Mafunzo ya Huduma ya Kwanza kwa Zimamoto ya Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unawalenga wakuu wa vituo vya zimamoto katika kaunti za Kenya, wakufunzi wao, maafisa wa ununuzi na wawakilishi wadi wanaoketi kwenye kamati za bajeti. Maswali yenyewe ni yale yanayozuka kila idara inapotenga fedha za vifaa vya kujifunzia huduma ya kwanza, yaani wanasesere wa CPR (kukandamiza kifua na kupulizia hewa mtu ambaye moyo wake umesimama), defibrileta za mazoezi (mashine za kushtua moyo kwa umeme), viungo bandia vya kujifunzia kuzuia damu na vinginevyo vya aina hiyo. Vifaa halisi vya ambulensi vina taratibu zake na havijadiliwi hapa, isipokuwa pale vinapoweza kuchanganywa na vya mafunzo.

Kwa nini wazimamoto wanunuliwe vifaa vya mafunzo ya matibabu ilhali kazi yao ni kuzima moto?

Kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaomfikia majeruhi kabla ya mhudumu wa afya. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliweka huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga mikononi mwa serikali za kaunti, na katika jedwali hilohilo kaunti zikakabidhiwa pia huduma za ambulensi. Kwenye karatasi ni idara mbili, lakini barabarani ni tukio moja. Matatu inapogongana na lori na dereva akabanwa miguu, anayeingia na mkasi wa kukatia vyuma ni mzimamoto, na katika muda wote wa kukata hakuna mtu mwingine anayeweza kumfikia dereva huyo ili kuinua kidevu chake apumue au kukaza mkanda juu ya paja linalovuja damu. Moto uliozuka baada ya lori la mafuta kupinduka Sachangwan mwezi Januari 2009, na ule wa bomba la mafuta katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi mwezi Septemba 2011, yote iliua watu wengi na kuacha majeruhi wengi waliohitaji kupozwa majeraha kwa maji papo hapo, na maji yako kwenye gari la zimamoto.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haianzi kwenye lango la hospitali.

Tuanzie wapi kabla ya kuomba fedha?

Tuanzie kwenye kitabu cha matukio cha kituo, wala si kwenye katalogi ya muuzaji. Mkuu wa kituo apitie matukio ya miezi kumi na miwili iliyopita na kuyapanga kwa aina ya majeruhi: waliobanwa kwenye magari, walioungua, waliozama, waliovuta moshi, waliopoteza fahamu bila jeraha, watoto, wajawazito. Kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa kitapata orodha tofauti na kituo cha kisiwani Lamu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Orodha ikishapatikana, mkufunzi aandike karibu na kila aina ya tukio ustadi ambao mzimamoto anatakiwa kuwa nao, na karibu na ustadi huo kifaa cha kuufanyia mazoezi. Kifaa ambacho hakiwezi kuunganishwa na tukio lolote lililoandikwa kitabuni hakina hoja ya kutetewa mbele ya kamati ya bajeti, hata kikiwa kizuri namna gani.

Vifaa vya msingi ni vipi?

Kwa kituo kinachoanza, cha kwanza ni wanasesere wa CPR wa mtu mzima, na baada yao wa mtoto mchanga, kwa kuwa mbinu zake ni tofauti: kifua cha mtu mzima hukandamizwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, cha mtoto mchanga takriban sentimita 4, na mikono haiwekwi kwa namna moja. Defibrileta ya mazoezi ifuate. Kisha paja au mkono bandia wenye jeraha linaloweza kujazwa bandeji, pamoja na mikanda ya mazoezi ya kuzuia damu, kwa sababu kutokwa damu ni miongoni mwa mambo yanayoua kwenye ajali za barabarani. Kichwa cha kujifunzia njia ya hewa kinahitajika ikiwa wazimamoto wa kituo hicho wanatumia mfuko wa ambu kuwapulizia hewa wagonjwa. Ikiwa hawautumii, kinaweza kusubiri. Ubao wa uti wa mgongo, mikanda yake na kola za shingo vinaweza kuwa vilevile vya kazini, mradi viwekwe seti ya ziada ili kituo kisibaki mikono mitupu simu ikiita katikati ya mazoezi.

Majeraha bandia ya mpira ya kubandika mwilini ni vifaa vya bei nafuu ambavyo faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, hasa kwa mazoezi ya majeruhi wengi kwa pamoja. Hapa kuna jambo linalosahaulika. Seti nyingi za majeraha hayo, na wanasesere wengi pia, hutengenezwa kwa rangi ya ngozi nyeupe, ilhali dalili za kuungua na za kukosa oksijeni huonekana kwa namna nyingine kwenye ngozi nyeusi. Mzimamoto wetu anapaswa kuzoea kuangalia midomo, ufizi na nyama iliyo chini ya kucha. Watengenezaji kadhaa wana matoleo ya ngozi nyeusi, kwa hiyo yaombwe kwa maandishi tangu mwanzo.

Kituo kiombe pia angalau kifua kimoja cha mwanamke, au vazi la kifua la kuvalishwa mwanasesere wa kawaida. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani hupata CPR kutoka kwa wapita njia mara chache kuliko wanaume, na kusitasita kugusa au kufunua kifua ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Kusitasita huko kunafahamika vyema kwetu, na mahali pa kukumaliza ni kwenye chumba cha mafunzo.

Je, mwanasesere wa uokoaji anaweza kutumiwa kwa CPR?

Hapana. Mwanasesere wa uokoaji ni yule mzito, wa kuburutwa kwenye moshi au kushushwa kwa kamba kutoka ghorofani. Hutengenezwa kwa kitambaa kigumu au plastiki, uzito wake ukikaribia ule wa mtu, na kifua chake hakina springi. Mwanasesere wa CPR ana springi, njia ya hewa na mapafu ya mfuko, lakini akiburutwa kwenye ngazi mara chache tu atapasuka shingo. Nyaraka za zabuni zilizoandika tu maneno “wanasesere wa mafunzo” zimewahi kuleta aina moja badala ya nyingine, na mzabuni hakuwa na kosa.

Kwa nini mnasisitiza wanasesere wanaopima mikandamizo?

Kiwango kinachokubalika kwa mtu mzima ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina kilichotajwa hapo juu, kifua kikiachwa kirudi juu kikamilifu kila mara, na kwa kawaida mikandamizo 30 hufuatwa na pumzi 2. Hakuna jicho la mkufunzi linaloweza kuhakiki yote hayo kwa wanafunzi sita kwa wakati mmoja. Mzimamoto mwenye nguvu hudhani anafanya vyema kwa sababu anatoka jasho, kumbe anaegemea kifua na kukizuia kurudi juu, au anakimbia hadi mikandamizo 140. Shirika la Moyo la Marekani, ambalo kozi zake hufundishwa pia Kenya, lilianza tarehe 31 Januari 2019 kudai kifaa cha kupima na kutoa majibu katika kozi zake za CPR ya watu wazima, na idara inayotaka vyeti vya kozi hizo haina budi kulizingatia.

Kipimo hicho si lazima kiwe cha ghali. Taa ndogo begani zinazowaka kijani mwendo na kina vikiwa sawa zinatosha kabisa kwa kituo kidogo. Vipimo vinavyotegemea programu ya simu ni vizuri pia, ila muuzaji aulizwe kama programu hiyo inafanya kazi bila intaneti na kama ina ada ya kila mwaka, kwa maana kuna vifaa ambavyo nusu ya uwezo wake huzimika siku ada inapoisha.

Je, si afadhali kununua mwanasesere mmoja wa kisasa anayepumua, anayeongea na mwenye mapigo ya moyo?

Swali hili huulizwa sana wakati fedha zimepatikana kwa ghafla, mara nyingi mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa mwezi Juni. Jibu letu ni kwamba kwa kituo cha zimamoto, karibu kila mara, wanasesere wanane wa kawaida wana manufaa kuliko mmoja wa kisasa. Mwanasesere wa kisasa anahitaji mtu wa kuendesha kompyuta yake, mtu wa kuandika visa vya mazoezi, mkataba wa matengenezo, na chumba kisicho na vumbi. Vyuo vya tiba na uuguzi vina watu hao. Vituo vya zimamoto kwa kawaida havina. Fundi wake akiwa ng'ambo, hitilafu ndogo ya vali ya hewa inaweza kumlaza kabatini kwa miezi. Isitoshe, ustadi unaomwokoa mtu barabarani ni mchache na wa mikono, nao hupatikana kwa kurudiarudia. Mtu hawezi kurudiarudia akiwa wa kumi na tano kwenye foleni.

Kaunti yenye chuo cha mafunzo ya tiba inaweza kukubaliana na chuo hicho ili wazimamoto wakitumie kifaa cha kisasa mara mbili kwa mwaka kwa mazoezi ya pamoja na wahudumu wa ambulensi. Huo ni mpango wa busara na hauhitaji zabuni ya kununua chochote.

Wanasesere wangapi wanatosha?

Watu watatu kwa mwanasesere mmoja ndio wingi wa juu unaofaa: mmoja akandamize, mmoja apulizie hewa, mmoja asimamie saa na kubadilishana nao kila baada ya dakika 2, kama inavyotakiwa kazini. Zamu ya watu kumi na wawili itahitaji wanne. Idara yenye vituo kadhaa isinunue kwa hesabu ya wafanyakazi wote kwa pamoja bali kwa hesabu ya zamu kubwa zaidi inayofanya mazoezi siku moja.

Je, defibrileta halisi haiwezi kutumiwa kufundishia?

Isitumiwe. Defibrileta halisi hutoa mshtuko wa umeme, pedi zake ni za kutumika mara moja, na betri yake inatakiwa kuwa imejaa siku ya tukio. Ya mazoezi haitoi mshtuko wowote, ila huzungumza na kutoa milio kama ile halisi, na pedi zake hubandikwa tena na tena. Inunuliwe inayofanana, kwa sauti na mpangilio wa vitufe, na ile iliyo kwenye magari ya kaunti. Ikiwa kaunti haina defibrileta halisi hata moja, basi fedha za kuinunua zitafutwe sambamba, kwa kuwa nafasi ya kunusurika ya mtu ambaye moyo wake umesimama hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kwa kila dakika inayopita bila CPR wala mshtuko.

Onyo la usalama ni muhimu hapa: kila kifaa cha mazoezi kiandikwe “KWA MAFUNZO TU” kwa herufi kubwa zisizofutika, na kihifadhiwe chumba tofauti na magari. Mikanda ya mazoezi ya kuzuia damu hutengenezwa kwa rangi yake, mara nyingi bluu, kwa sababu hiyohiyo. Mkanda uliokazwa mara mia darasani hauaminiki tena kwenye mguu wa mtu.

Maelezo ya kiufundi yaandikweje?

Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 kinataka maelezo yaeleze utendaji wa kifaa, na hakiruhusu kutaja chapa au mtengenezaji fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, na hata hapo maneno “au kinacholingana nacho” lazima yaongezwe. Wakuu wengi wa vituo huona sharti hili ni kikwazo. Kwa kweli linawasaidia, kwa kuwa linawalazimisha kueleza wanachokihitaji. Badala ya jina la kampuni, iandikwe kwamba kifua kikandamizike hadi sentimita 6, kionyeshe mwendo na kina kwa taa au kiwambo, mapafu yainuke tu njia ya hewa ikifunguliwa ipasavyo, ngozi iwe ya rangi nyeusi, vipuri vipatikane Kenya kwa muda usiopungua miaka mitano, na chaja itumie umeme wa volti 240 kwa plagi ya pini tatu za mraba. Sharti hilo la mwisho linaonekana dogo mpaka lije sanduku la chaja za volti 120.

Mkufunzi atakayetumia vifaa ashiriki kuandika maelezo hayo. Afisa wa ununuzi anaijua sheria lakini hawezi kujua kwamba kichwa kisichoinama nyuma hakifai kitu.

Tutumie njia gani ya ununuzi?

Njia hutegemea thamani ya manunuzi na viwango vilivyowekwa katika Kanuni za mwaka 2020 za sheria hiyo ya ununuzi. Manunuzi madogo hufanywa kwa kuomba bei kutoka kwa wauzaji angalau watatu, na yanayozidi kiwango hupitia zabuni ya wazi. Lililo muhimu ni kwamba vifaa viwemo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, na kwamba oda moja isigawanywe vipande ili kila kipande kikwepe zabuni, jambo ambalo sheria imelikataza waziwazi. Wapo wanaogawa kwa nia njema, wakitaka vifaa vifike upesi. Mkaguzi hataiuliza nia. Kumbukeni pia kwamba asilimia 30 ya manunuzi hutengwa kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na seti za bandeji, barakoa na majeraha bandia ni fungu linaloweza kutengewa makundi hayo tangu mpango wa mwaka unapoandikwa.

Bei kamili inajumuisha nini?

Bei ya mwanasesere ni sehemu tu ya gharama. Kuna mapafu ya kubadilisha, ngozi za uso, pedi za mazoezi, springi za akiba, betri, kodi ya VAT ya asilimia 16 pale inapotozwa, usafiri hadi kituoni, na siku ya kuwafundisha wakufunzi. Wazabuni watakiwe kuonyesha bei ya vipuri kwa miaka mitatu katika jedwali moja na bei ya kifaa, na tathmini ifanywe kwa jumla hiyo. Mwanasesere wa bei ya chini ambaye mapafu yake huuzwa na muuzaji mmoja tu huwa ghali kuliko wote kufikia mwaka wa pili.

Tumeahidiwa vifaa vilivyotumika kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Tuvikubali?

Mkubali mkishapata orodha kamili yenye picha, umri wa kila kifaa na majina ya vipuri. Mpira wa wanasesere hukauka na kupasuka, na modeli iliyoacha kutengenezwa haina mapafu ya kununua. Msaada kwa kaunti unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kwa hiyo upokelewe na kaunti yenyewe na kuingizwa kwenye rejista ya mali, wala usiwe zawadi ya mkuu wa kituo. Gharama za kutoa mzigo bandarini Mombasa zijulikane nani anazilipa kabla meli haijaondoka. Si utovu wa adabu kumwambia mfadhili kwamba mngependelea wanasesere wanne wapya kuliko ishirini wachakavu.

Vifaa vikifika, vikaguliweje?

Kamati ya ukaguzi na upokeaji imo kwenye sheria, na mkufunzi awe mmoja wa wajumbe wake. Kuhesabu masanduku hakutoshi. Kila mwanasesere akandamizwe dakika 2 kamili, apuliziwe hewa kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuma na kisha kikiwa kimelala bila kuinamishwa, kila defibrileta ya mazoezi iwashwe hadi mwisho wa maelekezo yake, na kila chaja ichomekwe ukutani. Kasoro ziandikwe kabla ya hati ya upokeaji kutiwa saini.

Usafi na uhifadhi unahitaji nini?

Kila mwanafunzi atumie ngozi yake ya uso au kinga ya mdomo, na uso wa mwanasesere upanguswe kwa alkoholi ya asilimia 70 baina ya mtu na mtu. Mapafu yabadilishwe baada ya kila kozi kwa mujibu wa maelekezo ya mtengenezaji. Pwani, ambako joto na unyevu ni vingi, betri zitolewe vifaa visipotumika na gundi ya pedi ikaguliwe kila mwezi.

Bandeji na glavu zilizopitwa na muda zinaweza kutumiwa mafunzoni?

Ndiyo, baada ya kuandikwa alama ya mafunzo na kuondolewa kwenye hesabu za kazini. Dawa zilizopitwa na muda haziingii darasani kwa hali yoyote.

Nani atafundisha, na mara ngapi?

Swali hili lilistahili kuulizwa la kwanza, kwa sababu kaunti isiyo na jibu lake isinunue chochote mwaka huu. Fedha zitumiwe kwanza kuwapeleka wazimamoto wawili au watatu kwa kila kituo kusomea ukufunzi. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance ni miongoni mwa taasisi zinazofundisha huduma ya kwanza nchini. Ustadi wa CPR huanza kufifia miezi 3 hadi 6 baada ya kozi, ilhali cheti hudumu miaka miwili, na pengo hilo ndilo sababu yote ya kuwa na vifaa kituoni. Dakika kumi kwa kila zamu mara moja kwa mwezi, mwanasesere akilazwa sakafuni karibu na gari, zina faida kuliko semina ya siku mbili hotelini kila baada ya miaka miwili. Mkuu wa kituo aweke daftari la saa ambazo kila kifaa kimetumika. Daftari hilo litamfaa wakati wa kuomba bajeti nyingine kuliko barua yoyote ya maombi.

Je, vifaa vinaweza kuazimwa na shule au vikundi vya bodaboda?

Vinaweza, na inafaa, hasa kwa waendesha bodaboda ambao huwa wamefika kwenye ajali kabla ya mtu yeyote mwenye sare. Ila vifaa visitoke bila mkufunzi wa kituo kuandamana navyo, mwanasesere mmoja na defibrileta moja ya mazoezi vibaki kituoni wakati wote, na anayeazima agharimie mapafu na ngozi za uso zitakazotumika. Vinaporudi vikaguliwe siku hiyohiyo kwa utaratibu uleule wa upokeaji, kisha mkufunzi atie saini kwenye rejista.